Vyuo Vikiunganishwa, Nani Hupanda Basi?

Mapema 2017, matokeo yangu ya KCSE yakiwa bado moto, niliingia saiba mtaani kujaza kozi na vyuo kwenye tovuti ya KUCCPS. Jamaa wa kompyuta ya pembeni akachungulia skrini yangu, akasema, "Weka chochote bana, bora isiwe Garissa." Tukacheka. Na kweli, Garissa sikuiweka.

Kicheko hicho kimenisumbua miaka hii yote. Kwa hivyo nilianza kufuatilia historia ya pale mahali, nikagundua kwamba chuo nilichokikwepa kilikuwa kimeunganishwa na kutenganishwa mara kadhaa. Na kila mara, kuna wanafunzi waliohamishwa na wengine walioachwa wakisubiri.

Tuanze na jina. Kabla ya 2011, pale palikuwa Chuo cha Ualimu cha Garissa. Kazi yake ilikuwa moja: kufunza walimu wa shule za msingi. Unasoma miaka miwili, unapata cheti cha P1, unaenda kushika chaki. Ukiwa Nairobi unaweza kuona hiyo ni kazi ya kawaida tu. Kaskazini Mashariki ilikuwa habari nyingine. Eneo hilo liliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu miaka ya mwanzo ya uhuru hadi 1991. Barabara zilichelewa, shule zilichelewa, na mpaka leo utasikia mtu wa huko akisema "naenda Kenya" akimaanisha anaenda Nairobi. Mahali kama hapo, chuo cha kutengeneza walimu ni mali.

Mwaka wa 2011 serikali ikakigeuza kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Majengo yale yale, geti lile lile, kibao kipya.

Garissa haikuwa peke yake. Huo ulikuwa msimu wa vyuo vikuu kumeza vyuo vya kazi. Mwaka wa 2007 Kenya Polytechnic iliwekwa chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na Mombasa Polytechnic ikawekwa chini ya JKUAT. Taasisi ya kilimo ya Kilifi nayo ikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Pwani, chini ya Kenyatta. Kufikia 2013, zote tatu zilikuwa vyuo vikuu kamili. Mwaka wa 2007 Kenya ilikuwa na vyuo vikuu vya umma 7. Miaka sita baadaye vilikuwa 22.

Sababu yenyewe inaeleweka. Watoto waliofaulu sekondari walikuwa wengi kuliko nafasi, na wengine walikuwa wakikaa nyumbani hadi miaka miwili wakisubiri kuitwa. Kujenga chuo kikuu kuanzia msingi ni ghali na huchukua muda. Lakini chuo cha ualimu au cha ufundi tayari kina vitanda, jikoni, maktaba na uzio. Unaandika agizo, unaliweka kwenye gazeti rasmi la serikali, na kufikia muhula ujao una chuo kikuu. Wazazi wanafurahi, wanasiasa wanakata utepe. Lakini yule kijana wa D+ aliyekuwa akitafuta cheti cha ufundi wa umeme, nani alimuuliza?

Lazima niwe mkweli: Garissa kulikuwa na faida kubwa pia. Hicho ndicho kilikuwa chuo kikuu cha kwanza cha umma katika eneo zima. Msichana ambaye familia yake isingemruhusu kwenda kuishi mbali sasa angeweza kupata digrii karibu na kwao. Na upande wa pili, serikali ilianza kuwatuma huko vijana kutoka kila pembe ya nchi. Wengine walikuwa hawajawahi kuvuka Mto Tana. Kwa mara ya kwanza "Kenya" ilikuwa inakuja kusoma Garissa.

Halafu ikafika alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015.

Nilikuwa kidato cha tatu. Magaidi wa Al-Shabaab waliingia chuoni, wakawaua watu 148, 142 kati yao wakiwa wanafunzi. Mtandaoni tuliandika kwamba 147 si namba tu, maana hiyo ndiyo hesabu iliyokuwa ikitajwa wakati huo. Baadaye tukaongeza mmoja, tukaendelea na maisha. Waliobaki hai hawakuwa na hiyo nafasi.

Chuo kikafungwa, na hapo ndipo muungano wa pili ulifanyika. Wanafunzi zaidi ya 600 walihamishiwa kampasi kuu ya Moi, kule Kesses karibu na Eldoret. Ni safari ya zaidi ya kilomita 600, kutoka jua la Tana hadi baridi ya nyanda za juu. Na hapa kuna jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabla: ile karatasi ya 2011 ndiyo iliyowabeba. Kwa kuwa Garissa ilikuwa chuo kishiriki, digrii zao zilikuwa za Moi tangu siku ya kwanza. Hawakuanza upya. Muungano uliofanywa ili kupata vitanda haraka ukageuka kuwa mlango wa kutokea.

Lakini mlango huo haukuwa wa kila mtu. Wengi wa waliohamia Eldoret walikuwa wale waliofadhiliwa na serikali. Garissa ilipofunguliwa tena Januari 2016, waliorudi darasani walikuwa kama 60 tu, wengi wao wenyeji waliokuwa wakijilipia karo. Walikuwa wamengoja miezi tisa. Hebu fikiria kurudi kwenye chuo kilichokuwa na mamia ya wanafunzi, sasa mko 60, na kituo cha polisi kiko ndani ya uzio. Hao hatukuwaandikia hashitegi.

Mzigo mwingine ulikuwa ukisubiri huko nje. Novemba 2014, karibu na Mandera, watu 28 walikuwa wameuawa kwenye basi, wakiwemo walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo. Februari 2018 walimu waliuawa Qarsa, Wajir. Januari 2020, walimu watatu waliuawa Kamuthe, Garissa. Baada ya kila tukio, walimu wasio wenyeji waliomba kuondoka, na Tume ya Kuajiri Walimu ikawahamisha wengi. Siwalaumu hata kidogo. Lakini darasa la nne lililobaki bila mwalimu wa hesabu lilihitaji mtu wa aina moja: kijana wa pale pale, aliyefunzwa ualimu, ambaye hana "nyumbani" kwingine pa kukimbilia. Yaani mtu yule yule ambaye kile chuo cha zamani kilijengwa kumfunza.

Oktoba 2017 Garissa ikawa chuo kikuu kamili, ikakata kamba yake na Moi. Leo ina wanafunzi, ina mahafali, na inafundisha ualimu pia, kwa kiwango cha digrii. Sisemi kibao cha zamani kirudishwe. Ninachosema ni kwamba tukisikia vyuo viwili vinaunganishwa, tuulize maswali mawili kabla ya kupiga makofi: ni kozi gani inayoondoka, na ni nani hawezi kupanda basi kwenda kule kozi ilikohamia.

Jamaa wa saiba na mimi tulikuwa na orodha nzima ya vyuo mbele yetu, na tulikuwa huru kucheka. Mwaka huo huo, kuna mtu wa rika letu Garissa aliyejaza kile kimoja kilichokuwa karibu na kwao.