Motokaa Ndogo na Kumbukumbu ya Barabara

Historia ya motokaa katika Afrika ya Mashariki imezoea kuandikwa kwa kutaja barabara, biashara na amri za serikali. Mifano midogo ya motokaa hizo, ile inayoundwa kwa mikono na kupakwa rangi, haikupata nafasi katika historia hiyo, kwa kuwa hudhaniwa kuwa ni mchezo tu. Lakini mchezo nao una asili yake, na mfano wa kitu ni ushahidi wa namna kitu hicho kilivyotazamwa. Mwenye kutaka kujua ni motokaa zipi zilizovuta macho ya watu wa Daudi, katika nyanda za juu za Mbulu, hana budi kuuliza pia watoto wao walikuwa wakiunda nini.

Mifano ya plastiki inayouzwa vipande vipande ilizaliwa sokoni, wala si katika chumba cha watoto. Mwaka 1949 kampuni ya Airfix ya Uingereza ilitengeneza mfano wa trekta la Ferguson ili wauzaji wa matrekta wawaonyeshe wateja wao. Baadaye mfano huo ukauzwa madukani ukiwa vipande, mnunuzi auunganishe mwenyewe. Huko Marekani kampuni ya Revell ilianza mwaka 1951 kuuza seti za motokaa za kale kwa jina la Highway Pioneers. Kampuni ya AMT nayo, iliyokuwa ikiwatengenezea wauzaji wa motokaa mifano ya kutangazia biashara, ikaanza mwaka 1958 kuuza seti ambazo mnunuzi aliweza kuziunganisha kwa namna tatu. Basi kile kilichokuwa tangazo la bidhaa kikageuka kuwa kazi ya mikono ya mtu mzima aliyetulia mezani kwake jioni.

Kazi yenyewe yataka subira. Vipande huja vimeshikamana na fremu ya plastiki. Hukatwa kimoja kimoja, makovu yake yakasuguliwa kwa msasa, kisha vikagundishwa kwa kufuata karatasi ya maelekezo. Rangi ya msingi hutangulia, ikafuatwa na rangi yenyewe, tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, maana rangi nzito huziba mistari ya milango na kuharibu umbo. Kipimo nacho ni sheria: kwa kipimo cha 1 kwa 24, motokaa yenye urefu wa mita 4.1 huwa na sentimita 17 tu, na kosa la milimita moja katika mfano ni kosa la sentimita mbili na zaidi katika motokaa ya kweli.

Miongoni mwa motokaa zinazopendwa na waundaji hao zimo zile zilizopata sifa katika ardhi ya Afrika ya Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika miaka ya 1960 njia yake ilipandisha hata nyanda za Mbulu, mahali ambapo mvua hugeuza udongo kuwa utelezi na miteremko ya Bonde la Ufa haimsamehe dereva. Ugumu wa mashindano hayo wapimwa kwa hesabu moja: mwaka 1963 motokaa 84 zilianza safari, zikamaliza 7 tu. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akiendesha Peugeot 404. Mwaka 1970 ushindi ulichukuliwa na Datsun 1600 SSS, na mwaka uliofuata na Datsun 240Z. Katika miaka hiyo ya 1970 mashindano yakaacha kupita Tanzania na Uganda, yakabaki ndani ya Kenya.

Motokaa zilipita, mifano yake ikabaki. Mwaka 1965 kampuni ya Corgi ya Uingereza ilitoa mfano wa madini wa Volkswagen ya Safari, ukifuatana na kifaru mdogo, kana kwamba kila kona ya barabara ilikuwa na kifaru aliyesubiri. Miaka mingi baadaye kampuni ya Hasegawa ya Japani ilitoa seti za plastiki za Datsun zote mbili, ile ya 1970 na ile ya 1971, pamoja na namba na maandishi yake ya kubandika. Wako waundaji wasioridhika na rangi safi: wakishamaliza kazi huunyunyizia mfano wao unga wa rangi ya udongo, ili ufanane na motokaa iliyotoka njiani. Hivyo vumbi la Afrika ya Mashariki huigizwa kwa makini katika miji ya mbali, na watu wanaolijua kwa picha tu.

Mtoto wa Daudi, kama wenzake wa Tanzania nzima, alilijua vumbi hilo kwa miguu yake, naye pia aliunda motokaa. Hakuwa na seti wala karatasi ya maelekezo. Alikuwa na waya, makopo matupu, mabua ya mahindi, na kandambili zilizochakaa za kukatia magurudumu. Umbo la lori au la Land Rover alilishika kwa jicho lilipokuwa likipita, akalikunja katika waya kwa kukumbuka, kisha akaunga waya mrefu wenye usukani juu yake, apate kuliendesha huku akikimbia nyuma yake. Hakufuata kipimo kilichochapwa. Alikuza kile kilichomshangaza na kukiacha kile asichokijali. Kwa sababu hiyo kazi yake ni ushahidi wa aina nyingine: seti ya kiwandani hueleza motokaa ilivyokuwa, motokaa ya waya hueleza ilivyoonekana na mtu aliyesimama kando ya barabara.

Ushahidi huu wa pili ndio unaopotea. Kalibu ya kiwanda huhifadhiwa, hata seti iliyoachwa kuuzwa huweza kurudi madukani baada ya miaka thelathini. Motokaa ya waya huvunjwa, na waya wake ukafungia ua au ukageuzwa motokaa nyingine. Aliyeiunda hukua, akaacha mchezo, wala hakuna aliyemwuliza aliiga gari gani, la nani, lililopita kwa shughuli gani. Waliokuwa watoto katika miaka ya 1960 sasa ni wazee. Miongoni mwao wamo walioliona lori la kwanza kufika kijijini mwao, na mikono yao ingali yaweza kuliunda tena wakipewa waya na nusu siku ya nafasi. Mwanafunzi wa historia atakayewaendea na kuwaomba waunde, huku akiandika wayasemayo, atapata habari za barabara ya Mbulu ambazo hazimo katika faili lolote la serikali.