Uti wa Mshale: Elimu ya Wazee Wetu wa Mara

Vijana wengi wasikiapo habari za upinde wa wazee wetu hudhani ya kuwa nguvu zote zilikuwa katika chembe cha chuma, au katika sumu iliyopakwa. Sisi tukaao hapa Nyakato, karibu na Musoma, tumeona vema kuwaandikia wasomaji habari za kitu kingine kisichosifiwa, nacho ni uti wa mshale, ambao watu wa pwani huuita wano. Kwa maana chembe kikali na sumu kali havifai kitu ikiwa uti wenyewe wakipeleka kombo.

Upande wa mashariki wa mkoa wetu wakaa Waikoma, Wanata, Waishenyi na Wangoreme. Zamani watu hao walilima na kufuga, tena waliwinda katika mbuga za Serengeti. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe wengi mno katika nchi hizi, na njaa ikafuata. Hapo upinde haukuwa mchezo wa vijana. Mshale uliokosa shabaha maana yake ni chungu kitupu, na watoto kulala na njaa.

Jinsi uti unavyochaguliwa yaweza kuonekana hata leo kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ng'ambo ya Serengeti na Ngorongoro, kwa kuwa kati yao wangali wako waishio kwa upinde. Hukata fimbo za mkole zilizo nyembamba na zilizonyoka, huzimenya gome, huzipasha moto, kisha huzinyosha kwa mikono na kwa meno. Mwindaji huiangalia kila fimbo kwa jicho moja toka mwisho hata mwisho, na ikiwa ingali na kombo huirudisha motoni. Nyuma hufunga manyoya ya ndege ili mshale usiyumbe. Mishale ya ndege na wanyama wadogo huchongwa ncha ya mti mtupu. Ya wanyama wakubwa hutiwa chembe cha chuma.

Lakini kunyoka peke yake hakutoshi. Mshale hukaa ubavuni mwa upinde, wala haupiti katikati yake. Upote unapoachiliwa husukuma mshale kwa nyuma kwa nguvu nyingi, na uti hupindika kidogo, ukauzunguka upinde, ukapindika tena upande wa pili, na hivyo hivyo mpaka utulie na kushika njia yake. Basi uti ulio mgumu mno haupindiki vya kutosha, nao huenda upande mmoja. Ulio laini mno hupindika kupita kiasi, nao huenda upande wa pili. Upinde wenye nguvu wataka uti mgumu, na upinde dhaifu wataka uti laini. Tena uti mrefu hupindika kuliko mfupi, na chembe kizito huuzidisha kupindika. Kwa hiyo kila upinde una mishale yake, na mtu akiazima mishale ya jirani asishangae akikosa.

Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Marekani, Clarence Hickman, alipiga picha za mshale kwa kamera ya mwendo wa kasi sana, na watu wakaona kwa macho jinsi unavyopindika. Wazee wetu hawakuwa na kamera. Walipinda fimbo kwa vidole, wakapiga, wakatazama, wakatupa iliyokataa. Jambo ni lile lile, ila njia mbili.

Wazungu nao walitumia miti muda mrefu, mpaka Doug Easton wa Marekani alipoanza kutengeneza mishale ya alumini mwaka 1939. Faida yake ni kwamba mianzi hiyo ya alumini yafanana yote kwa uzito na ugumu, ambapo miti miwili haifanani kamwe. Hasara yake ni kwamba ikipindika hubaki imepindika. Baadaye ikapatikana kaboni, iliyo nyepesi, ambayo hurudi kunyoka yenyewe, ila ikizidiwa huvunjika vipande vyenye ncha kali. Basi mafundi wakaviunganisha vitu viwili, mwanzi mwembamba wa alumini ndani na kaboni nje. Hata hivyo mnunuzi wa mishale hiyo lazima aulize maswali yale yale ya mwindaji wa mkole: upinde wangu una nguvu gani, uti uwe na urefu gani, chembe kina uzito gani? Mali imebadilika, elimu haikubadilika.

Sasa liko jambo ambalo hatuna budi kulisema wazi. Mwaka 1951 Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa, na wenyeji wakazuiwa kuwinda mahali walipowinda babu zao. Wengi waliona uchungu, nao hawakukosa sababu. Lakini Septemba 1961, huko Arusha, Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alitamka ya kuwa wanyama hawa ni amana tuliyopewa ili watoto wa watoto wetu nao wairithi. Leo kijana akikamatwa hifadhini na upinde bila kibali hufikishwa mahakamani, na nyumba yake hubaki na dhiki. Hatumshauri mtu yeyote aifuate njia hiyo.

Lakini kufungwa kwa mbuga si sababu ya kufunga vinywa. Wazee wanaojua kuchagua uti wanapungua, na kijana asiyeambiwa atasadiki ya kuwa babu zake walirusha vijiti ovyo. Basi wazazi, waulizeni wazee wangali hai, ni mti gani waliukata na waliupimaje, kisha yaandikeni katika daftari. Nasi walimu na tuyafundishe darasani. Zaburi ya 127 yawafananisha wana na mishale mkononi mwa shujaa. Naye mwenye kujua kazi ya mshale atafahamu ya kuwa haunyoki wenyewe, bali hunyoshwa kwa moto, kwa mikono na kwa saburi.