Picha za Reli ya Uhuru na Watu Walioiendesha

Wilaya yetu ya Rungwe haina reli. Mtu wa Tukuyu atakaye kuliona garimoshi hana budi kupanda gari mpaka Uyole, karibu na Mbeya, ambapo reli ya TAZARA hufikia kimo chake cha juu kabisa, yapata mita 1,789 juu ya bahari. (Jina la garimoshi tumelizoea tu, tangu mwanzo injini za njia hii zilikwenda kwa dizeli.) Hata hivyo, vijana wa nyanda hizi za juu walikuwamo miongoni mwa maelfu walioijenga, na habari zake ni zetu pia.

Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na njia yote, kilomita 1,860 toka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilikabidhiwa Julai 1976. Kazi hiyo ilipigwa picha nyingi mno. Twawaona Rais Nyerere na Rais Kaunda. Twaona madaraja, na mahandaki yaliyotobolewa milimani kati ya Mlimba na Makambako. Lakini tazama maelezo yaliyo chini ya picha hizo. Aghalabu kiongozi ana jina, mto una jina, na aliyeshika sururu huitwa "mfanyakazi". Katika daftari la chama cha msingi, kila kilo ya kahawa huandikwa jina la mwenyewe.

Reli ilipoanza kazi, kamera zikawa adimu. Zambia iliitegemea ili kuepuka njia za kusini zilizoshikwa na walowezi, na adui hakulala: Oktoba 1979 askari wa Rhodesia walilivunja daraja la Chambeshi. Stesheni na madaraja vilikuwa mahali pa ulinzi, na mwenye kamera asiye na kibali alijitafutia maswali. Kwa wakati ule twaona tahadhari hiyo ilikuwa ya haki. Hasara yake ni kwamba dereva, gadi, mkuu wa stesheni, na genge la mafundi wa njia waliotembea juu ya mataruma juani na mvuani wakikaza nati, ni wachache mno waliopigwa picha wakiwa kazini.

Walipiga za studioni. Kijana asimama na sare iliyopigwa pasi, mkono juu ya kiti, nyuma yake pazia lenye maua. Ni picha nzuri kweli, ila reli haimo.

Waliokuwa na miaka 20 mwaka 1970 sasa wamepita 70. Kwa hiyo tunawaomba wanachama wenye picha hizo wazilete ofisini tuzinakili, na nyuma yake waandike jina la kila mtu, kazi yake na stesheni yake. Waandike kwa penseli laini, kwa maana wino hupenya karatasi na kuharibu uso wa mtu.