Kwera Aliyekosa Kiota kwa Miaka 100

Mwaka 1913 ndege mdogo mwenye mgongo mweusi na tumbo la njano aliingia katika vitabu vya sayansi. Stephenson Clarke, Mwingereza, alimpa jina Ploceus golandi kwa heshima ya ndugu yake Goland, ambaye ndiye aliyempata huku pwani yetu, upande wa Kilifi. Kwa Kiingereza akaitwa kwa jina la ukoo wao, kwera wa Clarke. Wenyeji waliokuwa wakiishi karibu naye hawakuulizwa wanamwitaje.

Ndivyo mambo yalivyokuwa. Enzi hizo ndege "kuonekana" kulimaanisha kupigwa risasi, kuchunwa, kujazwa pamba na kutiwa kwenye droo. Mwaka 1909 kikundi cha walowezi na maofisa wa kikoloni walikuwa wameunda chama cha historia ya viumbe cha Afrika Mashariki, na kutoka kwao ndipo makumbusho ya Nairobi yalipoanzia. Msafiri alirudi na ngozi zake, akazisimulia kwa wenzake, habari ikachapishwa. Yule kijana aliyembebea bunduki na kumwonyesha njia, jina lake ni nadra kulikuta popote.

Baadaye darubini ikachukua nafasi ya bunduki, lakini aliyeishika bado alikuwa yule yule. Mabadiliko yalianza polepole, tena kwa watoto. Vilabu vya wanyamapori vya shule za Kenya vilianzishwa mwaka 1968. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno akaanza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kutoka makumbusho ya Nairobi, na matembezi hayo yakaendelea kwa miongo kadhaa. Ukiwa huna darubini unaazima ya jirani. Si wachache kati ya watafiti na waongoza watalii wa leo waliojifunza kutofautisha ndege kwa njia hii, wakiwa wanafunzi wasio na senti.

Lakini kuona ni jambo moja, na kuandika ni lingine. Atlasi ya ndege wa Kenya ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy ilipotoka mwaka 1989, nchi ilikuwa imegawanywa katika miraba ya takriban kilomita 55 kila upande. Mraba wa ukubwa huo unaweza kumeza Nairobi na Thika kwa mpigo mmoja, na bado ukabaki na nafasi. Kazi kubwa ile, hakuna ubishi, lakini kwa mkulima wa Kinangop anayetaka kujua iwapo ndege fulani bado yuko kwenye bonde lake, haikumsaidia sana.

Ramani mpya, Kenya Bird Map, inayosimamiwa na makumbusho ya taifa pamoja na Nature Kenya na A Rocha Kenya, imeikata nchi vipande vya kama kilomita tisa kwa tisa. Masharti yake ni mepesi: tembea katika kipande kimoja kwa angalau saa mbili, andika kila aina uliyoiona au kuisikia, kwa mfuatano, kisha tuma. Simu yenyewe inajua uko wapi, hata pasipo mtandao; bando utatafuta ukifika mjini. Na hapo ndipo vijana walipoingia kwa nguvu. Anayekwenda ushago Krismasi anaondoka nyumbani alfajiri kabla shangazi hajamtuma kisimani. Anayepelekwa kufundisha Kitui anatuma orodha ya Kitui. Kwenye kikundi cha simu mmoja anarusha picha yenye ukungu, "huyu ni nani jamani?", na kabla chai haijapoa watu watatu washabishana rangi ya mguu.

Tazama ramani hiyo vizuri, lakini, utagundua jambo. Rangi zimejaa Nairobi, Naivasha, Watamu. Ukielekea Wajir na Mandera, vipande vitupu vinatawala. Kwa kiasi kikubwa ni ramani ya barabara na nauli. Ndege wako kule. Matatu ndizo hazifiki, na pengine usalama pia.

Turudi kwa kwera wetu. Karne nzima alijulikana katika eneo dogo tu la Kilifi, Arabuko-Sokoke na msitu wa Dakatcha, nyuma ya Malindi. Lakini anataga wapi? Hakuna aliyekuwa ameandika. Wataalamu walidhani viota vimefichwa juu kabisa kwenye mirihi, wakawa wanakunja shingo kutazama matawi. Machi 2013, Fleur Ng'weno yule yule na vijana wa kikundi cha wenyeji cha kuhifadhi Dakatcha wakavikuta: chini, kwenye kinamasi cha msimu, vimefumwa katika ndago zilizosimama majini. Miaka 100 tangu apewe jina! Kumbe watu walikuwa wakitazama juu, naye yuko chini.

Mimi neno "ugunduzi" hapa nalitumia kwa shingo upande. Waliofika kinamasini ni watu wanaochunga mbuzi na kukata kuni maeneo hayo hayo. Kilichokuwa kipya ni kwamba safari hii walikuwa na daftari, wakajua pa kupeleka habari, na majina yao yakaandikwa.

Na habari hiyo haikuwa ya kujifurahisha tu. Miaka michache kabla ya hapo kulikuwa na mpango wa kupanda mibono, ile ya mafuta ya magari, katika hekta 50,000 za Dakatcha, mahali wanapoishi na kulima maelfu ya Wagiriama. Wenyeji na wahifadhi waliupinga, na haukuendelea. Katika mabishano kama hayo kipande kitupu cha ramani ni hatari, kwa kuwa mwenye trekta atasema hapo ni pori tu, hapana kitu. Makaa yanaendelea kuchomwa hata leo.

Upande wa pili upo pia. Picha ya kiota ikirushwa na mahali pake, wiki ijayo gari mbili za wapiga picha zimeshakanyaga ndago. Vijana wengi wa pwani sasa huandika jina la kata tu, kisha wananyamaza.

Hata hivyo kinamasi chenyewe hakitabiriki. Mvua ikikosa, hakuna maji, na pasipo maji kwera hawafumi. Mwaka mwingine huenda wakahamia dimbwi jingine kabisa. Kwa hiyo mtu wa Marafa hana budi kwenda kuangalia kila msimu, saa mbili juani, na mara nyingine asikute kiota hata kimoja. Orodha hiyo nayo hutumwa.