Kiti cha Rubani: Habari za Pini, Reli na Ndege Ndogo

Nchi ya Umatengo, yenye tarafa na kata za Mbinga kama vile Mapera, ni nchi ya milima iliyosongamana. Vilele vyake vingine hukaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kutoka huko ardhi huporomoka ghafula hata kufika Mbamba Bay na Liuli, ambako uso wa Ziwa Nyasa hauzidi mita 500. Kabla ya lami kufika Mbamba Bay mwanzoni mwa miaka ya 2020, mvua za miezi michache zilitosha kuifanya safari ya nusu siku kuwa safari ya siku mbili. Zipo hospitali za misheni Litembo, Peramiho na Liuli, lakini mgonjwa aliyehitaji kupelekwa mbali zaidi ya hapo alikuwa na mashaka ya njia juu ya mashaka ya maradhi. Katika nchi za namna hii, nazo ni nyingi Afrika Mashariki, ndege ndogo haikuwa anasa hata kidogo.

Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, waliasisi huduma ya madaktari warukao iliyokuja kujulikana kwa jina la AMREF. Misheni nazo zilikuwa na marubani wao, na serikali, wawindaji na wafanya biashara wakafuata. Chombo walichokipenda wengi kilitoka Wichita, katika jimbo la Kansas huko Marekani, katika kiwanda cha Cessna: ndege ya aina ya 180 iliyotoka mwaka 1953, ya 182 iliyotoka mwaka 1956, ya 185 ya mwaka 1961, na hasa ya 206 ya mwaka 1964, ambayo mabawa yake yako juu, tumbo lake ni pana, na yaweza kuruka kutoka kiwanja kifupi cha udongo. Ndege hizi zimesifiwa sana, nazo zastahili sifa. Lakini zilikuwa na dosari moja ndogo, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Kiti cha rubani katika ndege hizo hakikufungwa sakafuni moja kwa moja. Marubani hawalingani urefu. Kwa hiyo kiti hupanda juu ya reli mbili, kikaenda mbele na nyuma kwa magurudumu madogo. Reli ina matundu yaliyopangwa mstari, na chini ya kiti mna pini inayosukumwa na springi. Rubani huvuta mkono wa chuma, pini hutoka tunduni, kiti huteleza; akiuachia, pini huingia katika tundu jingine na kiti husimama. Hakuna jambo rahisi kuliko hilo, na kwa miaka ya kwanza hakuna la kulaumiwa.

Ila chuma huliwa na chuma. Kila rubani anapokaa na kuinuka, pini husugua ukingo wa tundu, na lile tundu la mviringo huanza kurefuka kama yai. Magurudumu nayo huchakaa, kiti kikacheza juu na chini, na pini isizame tena kama ilivyozama zamani. Vumbi la viwanja vya udongo huongeza kazi ya msasa. Ubaya wake ni kwamba kiti kilichoshikwa kwa ncha ya pini hukaa sawasawa na kile kilichoshikwa barabara. Ndege ikiwa imetulia chini, mtu hawezi kutofautisha, na rubani huondoka akiamini kuwa amefunga.

Sasa ndege yaanza kukimbia kiwanjani. Injini yavuta kwa nguvu zake zote, pua yainuka, na uzito wa rubani walemea nyuma. Hapo ndipo pini iliyochakaa huchomoka. Kiti huteleza hata mwisho wa reli. Miguu ya rubani huachana na kanyagio. Na kwa kuwa mikono yake imeshika usukani, naye kama mwanadamu yeyote aangukaye hukaza alichokishika, huuvuta usukani pamoja naye. Kuvuta usukani ni kuinua pua. Pua ikiinuka kupita kiasi, mwendo hupungua, mabawa hupoteza nguvu ya kuinua, na ndege huanguka kutoka kimo kisichompa mtu nafasi ya kujirudi. Rubani mwenye akili ataachia usukani, ajisogeze mbele kwanza. Lakini hayo ni maneno ya mtu aliyekaa mezani, nayo hutakiwa kutendwa kwa sekunde mbili au tatu.

Wamatengo wanajua maana ya shimo dogo linalozuia kitu kikubwa kisiteleze. Kilimo chao cha ngoro, kilichowashangaza wataalamu wengi wa kilimo, ni mashimo yaliyopangwa juu ya miteremko mikali ili maji ya mvua yasichukue udongo. Mkulima wa ngoro haachi shimo likaporomoka kingo zake akategemea kuwa litashika, hulitengeneza upya. Jambo hilo hilo ndilo lililotakiwa katika reli ya kiti, nalo lilichelewa.

Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa amri iliyozihusu aina nyingi za ndege za Cessna. Mafundi waliagizwa kupima matundu ya reli, kutazama magurudumu na springi, na kuona kama pini inazama vya kutosha. Tundu lililopanuka kupita sehemu 42 katika mia za inchi, yaani karibu milimita 11, liliihukumu reli nzima kung'olewa. Wakati huo kiwanda kilikuwa kimekwisha acha kuunda ndege ndogo za injini moja za pistoni. Kiliacha mwaka 1986, kikarudia kazi hiyo mwaka 1996. Maana yake ni kwamba ndege zilizokuwa zikiruka zilizidi kuzeeka pasipo mpya za kuzirithi.

Amri ya Marekani yafikaje kwa fundi wa Tanzania? Kwa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, nchi iliyosanifu ndege hutoa habari za dosari zake, na nchi ambamo ndege imeandikishwa ndiyo yenye wajibu wa kuhakikisha kwamba inafaa kuruka. Tanganyika ilijiunga na shirika la kimataifa la usafiri wa anga mwaka 1962, na herufi za ndege zake, zilizokuwa VR-T chini ya Waingereza, zikawa 5H. Uangalizi ulikuwa wa pamoja, chini ya idara moja ya Afrika Mashariki, mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na kila nchi ikajitwalia kazi hiyo na uchache wa mafundi wake. Miaka kumi tu baadaye ndipo ikaja amri ya viti. Mamlaka ya sasa ya Tanzania ina msingi wake katika sheria ya mwaka 2003. Karatasi, basi, ilikuwa na njia ya kupita. Lakini reli mpya hainunuliwi kwa karatasi, bali kwa fedha za kigeni, na katika miaka ya 1980 fedha hizo zilikuwa adimu nchini Tanzania kuliko mvua ya kiangazi.

Marekani kwenyewe mambo hayakwisha kwa kupima. Mwaka 1989 ndege ya aina ya 185 ilianguka karibu na Pensacola, katika jimbo la Florida, na waliokuwamo wakaumia vibaya. Walidai kuwa kiti cha rubani kiliteleza. Kampuni ilipinga, lakini mwaka 2001 baraza la wazee wa mahakama liliwapa wadai haki ya kulipwa dola milioni 480, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya adhabu wala si ya fidia. Hesabu ya namna hiyo huwaamsha watu ambao barua za mafundi haziwaamshi.

Dawa ilikuwa imekwisha julikana zamani. Marubani wengi walikuwa wakinunua kipande cha chuma cha kubana juu ya reli, nyuma ya gurudumu la kiti, kikakazwa kwa skrubu ya kidole. Pini ikichomoka, kiti hugonga hapo kikasimama. Ubaya wake ni kwamba chataka kukumbukwa, kufunguliwa na kufungwa kila mara. Kiwanda kilibuni kizuizi cha pili kilicho bora zaidi: ukanda unaojikunja katika kigurudumu chenye kufuli, ukiunganisha kiti na sakafu, nao hauachii mpaka rubani auvute mkono wa kurekebishia kiti. Mwaka 2007 kiwanda kilitangaza kuwafungia wenye ndege kifaa hicho katika kiti cha rubani bila malipo kwa muda maalumu. Fadhila hiyo ilikuwa nyepesi kuifaidi kwa mtu mwenye karakana jirani. Kwa ndege inayolala kiwanja cha mbali ilikuwa safari ya siku kadhaa isiyo na abiria wa kuilipia.

Mwaka 2011 amri ya 1987 iliondolewa ikawekwa nyingine mahali pake. Hii nayo ilitaka ukaguzi kila baada ya saa 100 za kuruka au miezi 12, lolote litakalotangulia, na bado haikulazimisha kizuizi cha pili. Hapo ndipo penye udhaifu. Kupima si kufunga: kupimwa kwa leo hakumshiki rubani wa saa ya tisini, baada ya viwanja arobaini vya vumbi. Sababu ya gharama yaweza kufahamika, maana ndege zenyewe ni makumi ya maelfu na wenyewe si matajiri wote. Lakini gharama hiyo haikufutika, ila ilihamishwa mabegani mwa fundi mwenye kipimo na tochi, na mwa rubani.

Kwa hiyo ndege mbili za 206 zaweza kusimama bega kwa bega Songea au Dodoma, moja ina ukanda chini ya kiti, nyingine haina, na zote mbili zimetimiza sheria. Abiria hawezi kujua ila ainame atazame. Rubani aliyefunzwa vizuri, kabla hajawasha injini, hushika ukingo wa dirisha, hukaza miguu, na kujisukuma nyuma kwa nguvu mara mbili, kisha mbele, akisikiliza mlio wa pini.