Wakala wa ajira

Wakala wa ajira ni mtu, kampuni au taasisi ya umma inayowakutanisha watu wanaotafuta kazi na waajiri wanaohitaji wafanyakazi. Kwa kawaida wakala si mwajiri: kazi yake ni kutafuta, kuchuja na kupendekeza watu wanaofaa, na uamuzi wa kuajiri hubaki kwa mwajiri. Katika Afrika ya Mashariki mawakala hutumika kujaza nafasi za ofisini, viwandani, hotelini na katika ulinzi, pamoja na kupeleka wafanyakazi katika nchi za Ghuba ya Uajemi.

Aina

Mawakala wa ajira hugawanyika katika makundi makuu manne:

- Huduma za ajira za umma: huendeshwa na serikali na kwa kawaida hazimtozi mtafuta kazi.
- Mawakala binafsi wa kuunganisha: hulipwa na mwajiri baada ya kumpatia mfanyakazi.
- Kampuni za kukodisha wafanyakazi: hapa wakala ndiye mwajiri kisheria na ndiye anayelipa mshahara, ingawa mfanyakazi hutumikia kampuni nyingine. Manpower, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1948, ni kati ya kampuni za zamani za aina hii.
- Mawakala wa kazi za nje: hushughulikia mikataba, viza, vipimo vya afya na safari.

Historia

Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1909 iliunda ofisi za umma za kuunganisha wafanyakazi na waajiri, na ofisi za kwanza zilifunguliwa tarehe 1 Februari 1910. Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipoanzishwa mwaka 1919, mkataba wake Na. 2 ulizitaka nchi wanachama kuwa na ofisi za ajira za umma zisizotoza ada. Mkataba Na. 34 wa mwaka 1933 ulikwenda mbali zaidi kwa kulenga kufuta kabisa ofisi za ajira zinazotoza ada kwa ajili ya faida. Msimamo huo ulilegezwa baadaye, na mkataba Na. 181 wa mwaka 1997 uliwatambua mawakala binafsi, lakini kwa masharti.

Katika Tanganyika ya kikoloni uandikishaji wa wafanyakazi ulifungamana na kilimo cha mkonge. Katika miaka ya 1940 wakulima wa mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kwa kifupi kama SILABU. Ofisi hiyo ilichukua watu kutoka mikoa ya mbali, kama vile Kigoma na Songea, na kuwapeleka katika mashamba ya Tanga na kwingineko. Wafanyakazi hao wa mkataba waliitwa manamba, kutokana na namba walizopewa. Shirika lingine, lililofahamika kama Wenela, liliandikisha watu wa kusini mwa Afrika, wakiwemo wa nyanda za juu za kusini za Tanganyika, kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Uandikishaji wa Wenela nchini ulikoma baada ya uhuru.

Utendaji

Kwanza mwajiri humweleza wakala kazi iliyopo, sifa zinazotakiwa na mshahara. Wakala hutangaza nafasi au hutafuta katika kumbukumbu zake, hukagua vyeti, huwahoji waombaji na kumpelekea mwajiri majina machache. Mwajiri hufanya usaili wa mwisho. Kwa mwajiri faida ni kuokoa muda. Kwa mtafuta kazi ni kufikia nafasi ambazo pengine hazitangazwi hadharani. Hata hivyo, kujiandikisha kwa wakala si ahadi ya kupata kazi.

Suala la ada

Swali kuu katika shughuli hii ni nani anayelipa. Ibara ya 7 ya mkataba Na. 181 inakataza wakala kumtoza mfanyakazi ada au gharama yoyote, iwe moja kwa moja au kwa mzunguko, ingawa nchi inaweza kuruhusu vighairi baada ya kushauriana na vyama vya waajiri na vya wafanyakazi.

Sababu ya katazo hilo ni deni. Mtu aliyekopa au kuuza shamba ili alipe wakala hufika kazini akiwa tayari anadaiwa. Akikuta mshahara ni mdogo kuliko alioahidiwa, au kazi si ile aliyoelezwa, hawezi kuondoka kirahisi kwa kuwa deni linamsubiri nyumbani. Aidha, wakala anayelipwa na watafuta kazi hupata faida hata pale ambapo hakuna kazi yoyote.

Sheria katika Afrika ya Mashariki

Tanzania ilitunga sheria ya huduma za ajira mwaka 1999, na kwa mujibu wake wakala binafsi anatakiwa kusajiliwa. Mwaka 2014 serikali ilipiga marufuku mawakala kuajiri wafanyakazi na kuwakodisha kwa kampuni nyingine, ikawataka wabaki kuwa waunganishaji. Nafasi nyingi za utumishi wa umma hushughulikiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma.

Nchini Kenya mawakala husimamiwa chini ya sheria za kazi za mwaka 2007, na Mamlaka ya Taifa ya Ajira iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Uganda ilitunga kanuni za kuandikisha wafanyakazi wa nje mwaka 2005.

Kazi katika nchi za Ghuba

Wafanyakazi wengi wa nyumbani kutoka Kenya, Uganda na Tanzania huenda Saudia, Oman na Falme za Kiarabu kupitia mawakala wawili: mmoja nchini kwao na mwingine nchi ya kazi. Mfumo wa kafala huunganisha kibali cha ukaazi na mwajiri mmoja, hivyo anayemkimbia mwajiri anaweza kuhesabiwa mkosaji. Qatar ilibadili sheria mwaka 2020 ili mfanyakazi aweze kuhama bila idhini ya mwajiri wake.

Malalamiko ya kawaida ni kubadilishiwa mkataba baada ya kufika, kucheleweshewa mshahara na kunyang'anywa pasipoti. ILO huhesabu kuzuiwa kwa hati za utambulisho na utumwa wa deni kuwa kati ya viashiria vya kazi ya kulazimishwa.

Kutambua wakala halali

Wakala halali huwa na leseni inayoweza kuhakikiwa katika mamlaka ya kazi, ofisi inayojulikana, na mkataba wa maandishi unaotaja mwajiri, mshahara, saa za kazi na likizo. Dalili za ulaghai ni pamoja na:

- kudai fedha za fomu au usaili kabla ya kazi kuonekana;
- kutaka malipo yatumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi;
- kumsafirisha mtu kwa viza ya utalii ili akafanye kazi;
- kumharakisha mtu kutia saini mkataba ambao hajausoma au ulio katika lugha asiyoielewa.

Tazama pia

- Ajira
- Biashara haramu ya binadamu
- Shirika la Kazi Duniani
- Ukosefu wa ajira