Danzig ao Gdańsk?

Katika inchi ya Poland kuna mji wa bandari, kando ya bahari ya Baltiki. Wajerumani huuita Danzig, Wapolandi Gdańsk. Tangu mwaka 1945 Wajerumani wengi walifukuzwa mle; basi jina lake si neno la mchezo.

Wikipedia, kitabu kikubwa cha maarifa katika intaneti, ilianza mwaka 2001. Waandishi wake hawalipwi, na kila mtu aweza kusahihisha maneno ya mwenzake. Kumbe, katika ile ya Kiingereza, huyu aliandika Danzig, yule akafuta akaandika Gdańsk, tena na tena. Mwaka 2004 sheria ilitoka: mtu asifute kazi ya wenzake zaidi ya mara tatu kwa saa 24 katika ukurasa mmoja. Sheria hiyo ilizuia mikono. Mioyo ilibaki moto.

Mwezi wa tatu mwaka 2005 walimaliza kupiga kura. Hawakuulizana mji ni wa nani, bali kila wakati uitweje: kabla ya 1308, Gdańsk, toka 1308 mpaka 1945, Danzig, baadaye Gdańsk. Lakini mimi nasifu zaidi neno jingine walilokubali siku zile: anayetaja jina moja mara ya kwanza, aandike na lile la pili kando yake.